Picha zilizobezwa na wahakiki ndizo zinazojaza vibanda

Ukiwauliza wakazi wa Liwatoni, ule mtaa wa kisiwani Mombasa ulio jirani na bandari ya uvuvi na kivuko cha Likoni, wanapenda filamu zipi, usishangae ukipewa orodha mbili. Ya kwanza ni ya mgeni, hasa mgeni mwenye kalamu na daftari: filamu zenye tuzo na mafunzo, zinazotajika mbele za watu. Ya pili huja baadaye, kicheko kikishaingia mazungumzoni. Humo mna Rambo, mna joka la Anaconda, mna Mithun Chakraborty akicheza disko, na mna Wanaijeria wawili wafupi, Aki na Ukwa, wakiwahangaisha wazee wa kijiji kizima.

Kwamba orodha ya pili inapendwa, hilo halina ajabu. Ajabu ni kwamba inaonewa haya, na haya hiyo ina gharama.

Tuanze na takwimu chache. Rambo ya pili, iliyotoka mwaka 1985, ilipewa nchini Marekani tuzo ya kejeli ya Raspberry ya Dhahabu kwa kuwa filamu mbovu kuliko zote za mwaka huo, na Sylvester Stallone akatawazwa mwigizaji mbovu. Hata hivyo iliingiza takriban dola milioni 300 duniani kote. Anaconda ya mwaka 1997 iliteuliwa kuwania tuzo iyo hiyo ya aibu, nayo ikavuna zaidi ya dola milioni 130. Hayo ni mapato ya majumba ya sinema tu. Hayahesabu kanda zilizonakiliwa na kuzungushwa Afrika Mashariki, ambako mwenye picha hakupata hata senti.

Huku kwetu dharau hii ina umri mkubwa kuliko kanda ya video. Enzi za majumba ya sinema ya Mombasa, kina Regal, Naaz, Majestic na Lotus, picha ya Kihindi ilikuwa na ufalme wake. Wahakiki waliofunzwa kwa vipimo vya Ulaya waliiona ndefu kupita kiasi, nyimbo zikikatiza kisa, na ndugu waliopoteana utotoni wakikutana kwa bahati isiyoaminika. Si Wazungu peke yao. Sholay ilipotoka Agosti 1975, wahakiki kadhaa wa India yenyewe waliipokea kwa kebehi. Ikaja kuonyeshwa katika jumba la Minerva mjini Bombay kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake juu ya sinema za mijini Tanzania uliochapishwa mwaka 2018, ameonyesha jinsi Awara ya Raj Kapoor, picha ya mwaka 1951, ilivyodumu katika kumbukumbu za wazee wa Zanzibar.

Kile ambacho mhakiki alikiandika kuwa kasoro, mtazamaji alikinunulia tiketi. Wimbo ulimpa nafasi asiyejua Kihindi kuelewa huzuni bila tafsiri. Urefu ulimfanya aone thamani ya nauli na kiingilio chake.

Majumba mengi yakaja kufungwa, na sinema ikahamia kwenye vibanda vya video. Hapo ndipo alipoingia mtu ambaye wahakiki hawana safu ya kumweka: msimulizi. Nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, anayeizungumzia filamu ya kigeni kwa Kiswahili na Sheng tangu mwanzo hadi mwisho. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyeichunguza kazi ya wasimulizi wa Tanzania, aliipa makala yake anwani inayoilinganisha na kugeuza wali kuwa pilau. Japani nayo, enzi za filamu zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na baadhi yao walikuwa na umaarufu wa kushindana na waigizaji.

Kwa mhariri ambaye riziki yake ni kupunguza maneno ya wengine, si rahisi kumvumilia mtu anayeongeza maneno hata pale mwigizaji aliponyamaza. Lakini sikiliza kinachoongezwa. Adui hupewa jina la utani, kimya hupewa mzaha, na jambo la Hong Kong au Los Angeles huelezwa kwa mifano ya mitaa ya kwetu. Mhakiki wa New York aliyeihukumu picha hiyo hakuiona hii inayotazamwa kibandani. Aliona wali.

Husemwa pia kwamba picha hizi hazina maana kwa kuwa mwisho wake unajulikana: stelingi hafi. Hoja hiyo ni dhaifu mno kwa mtu wa Pwani. Waliokuwa wakisimuliwa habari za Fumo Liyongo walijua mapema kwamba atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na bado walikaa wakasikiliza. Raha ilikuwa katika namna ya kufika huko, na katika kuitikia. Kibanda kinachopiga kelele stelingi anapovamiwa kwa nyuma kinafanya lile lile lililofanywa na kikao cha ngano.

Nollywood ndiyo iliyowaumbua wahakiki kuliko wote. Sauti zinakwaruza, taa hafifu, kisa kinavutwa hadi sehemu ya tatu. Pamoja na hayo, takwimu za UNESCO zilionyesha kwamba mwaka 2006 Nigeria ilitoa filamu 872, ikiwa ya pili kwa India na mbele ya Marekani. Filamu za Tanzania zilidharauliwa vivyo hivyo, mpaka Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 na maelfu ya watu wakajaa viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, kumuaga.

Hili halina maana kwamba kila kinachojaza watu ni chema. Zipo picha ambazo mwanamke hupigwa ili watu wacheke, na zipo zinazomfanya kila bibi kizee kuwa mchawi. Pwani ya Kenya, ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kilifi, hilo si suala la ladha. Linahitaji mhakiki. Lakini mhakiki aliyeshaitupa orodha yote ya pili kama takataka hana tena sauti ya kumwambia mtazamaji ipi kati ya hizo ina sumu.

Serikali nayo imekirithi kipimo hicho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka anayeonyesha filamu hadharani awe na leseni. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005 kuikuza sekta hii. Hata hivyo kibanda hutajwa zaidi panapozungumzwa uhalifu na watoto watoro wa shule, ilhali ndipo mwenye shilingi chache anapopata sinema kwa lugha anayoielewa. Wasiwasi juu ya watoto ni wa haki, na uainishaji wa umri una kazi yake. Haki za wenye filamu pia ni za kweli: msimulizi na muuza diski wamekula jasho la wengine kwa miaka mingi. Dawa ya hilo ni mkataba na leseni nafuu ya usimulizi, ili mwenye picha na mwenye sauti walipwe wote.

Majirani zetu wameonyesha njia nyingine. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo hazingetosha hata chakula cha mchana cha waigizaji wa Hollywood. Damu ni ya bandia waziwazi, na helikopta zimechorwa kwa kompyuta. Msimulizi, VJ Emmie, hakungoja kibanda: sauti yake imo ndani ya filamu yenyewe, akiwatania waigizaji huku wakipigana. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, kwenye kitengo cha usiku wa manane, na Wakanada walilipa kiingilio kuitazama.