Mbwa Mkorofi Hulelewa

Mtu wa pwani apelekwaye na kazi au biashara hadi Masimba, katika milima ya Kisii, hachukui siku nyingi kutambua kwamba maboma mengi ya huko yana mbwa. Mgusii humwita *esese*, naye humfuga amlindie nyumba na ng'ombe. Mgeni wetu atokapo kwenda kusali Alfajiri hubwekewa, hufukuzwa, na pengine hurukiwa kanzu. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi twajua uzito wa jambo hilo: kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Basi mkono huinama upesi kuokota jiwe.

Jiwe hilo halifai. Mbwa apigwaye mawe hajifunzi adabu. Hujifunza kwamba mwenye kanzu ni adui, na kesho humwahi kwa meno. Kukimbia nako humchochea, maana mbwa hufuata kikimbiacho. Afadhali kusimama kimya, mikono chini, bila kumkazia macho, kisha kuondoka polepole.

Lakini lawama kubwa ni ya mwenye mbwa. Humfunga mnyororo mchana kutwa, kisha hushangaa kwamba mbwa hubweka ovyo. Mbwa akimrukia, watu wa nyumbani hucheka na kumpapasa; hapo wamemfundisha kuruka. Akifukuza mpita njia, huitwa, na akija huchapwa. Mbwa hajui kwamba anachapiwa kosa lililopita. Ajualo ni kwamba kuitikia wito kumemletea fimbo, na siku ya pili haji.

Dawa yake si ngumu. Mbwa arukapo apewe kisogo, asisemezwe. Miguu yote 4 ikiwa chini, hapo hapo asifiwe na kupewa kipande cha chakula. Neno la kumkataza liwe moja kwa nyumba nzima. Naye azoeshwe wageni tangu miezi 3 ya mwanzo, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Haya si mageni katika dini yetu. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mbwa aliyefundishwa, na wanavyuoni wetu wakaweka masharti: aende akitumwa, asimame akikatazwa, asile alichokamata. Kumbe hata sheria yatambua kwamba mbwa huweza kutiwa adabu, na kwamba mwalimu wake ni binadamu.

Tena pana hatari kuliko najisi. Kichaa cha mbwa, dalili zikishatokea, karibu hakina dawa. Mwaka 2014 Kenya ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya ugonjwa huo ifikapo 2030, kwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Kwa hiyo ndugu zetu walioko Masimba waliache jiwe chini. Mchana, wabishe hodi kwa jirani, wamwombe kwa heshima amfunge mbwa wakati wa Alfajiri, amchanje kila mwaka na amfundishe. Jirani akielewa, njia ya msikitini itakuwa salama, na mbwa naye atapumzika na mawe.