Nyumba ndogo ya familia nzima

Mtaani, mume akisikika ana "nyumba ndogo", mke hasubiri maelezo. Siku hizi neno hilo limepata maana nyingine, na safari hii mama na watoto nao wamo. Ni nyumba ndogo kweli: kontena la mizigo lililotobolewa madirisha, likapakwa rangi, likawekwa vitanda, jiko na bafu, kisha likakodishwa kwa watu wa mapumziko.

Nchini Kenya nyumba hizi zimezoeleka maeneo kama Naivasha na Nanyuki, na Tanzania nazo zimeanza kuonekana. Kwenye simu picha zake zinavutia: kibaraza cha mbao, taa ndogondogo, bembea chini ya mti. Watoto wakiziona hawalali. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mzazi anayetaka kuipeleka familia huko likizo ana mambo ya kuuliza kabla ya kutuma pesa.

Vitanda vitano, nafasi ya kusimama wawili

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4 kwa nje. Kuta zikishapigwa mbao kwa ndani, upana unapungua zaidi. Kinachobaki ni kama mita za mraba 13, sawa na chumba kimoja cha kulala cha kawaida, na humo humo mna bafu, jiko na vitanda. La futi 40 lina urefu wa mita 12, lakini upana ni ule ule. Tangazo linaposema "watu watano", limehesabu magodoro tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atalala wapi. Watoto wadogo hawana shida, watabanana na kucheka. Shida ipo kwa binti wa miaka 13 na kaka yake wa miaka 15 ambao nyumbani kila mmoja ana chumba. Nyingi ya nyumba hizi zilibuniwa kwa wapenzi wawili, na bafu hutengwa na kioo kitupu. Mzazi aulize wazi: bafu lina mlango unaofungwa? Kuna pazia kati ya kitanda cha wakubwa na cha watoto? Kama hakuna, khanga mbili na kamba vitaokoa heshima ya kila mtu.

Kama kuna kitanda cha dabo deka, mtoto aliye chini ya miaka sita alale chini. Juu kuwe na kingo pande zote, na ngazi isiwe ya kuning'inia.

Mwenye mtoto anayetambaa aulizie pia sakafu. Mbao za sakafu za makontena mengi huwekwa dawa ya kuua wadudu kabla ya kuanza safari za baharini. Sakafu iwe imebadilishwa, au imefunikwa vizuri kwa vigae au zulia la plastiki.

Jiko la mkaa libaki nje

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kontena limetengenezwa lisipitishe maji ya bahari, na kwa sababu hiyo hewa nayo hupita kwa shida. Naivasha usiku ni baridi, na Lushoto mwezi Juni na Julai ni baridi vilevile. Baba anafikiria kuingiza jiko la mkaa lililotumika kuchoma nyama ili watoto wapate joto. Mkaa umeshakolea, hautoi moshi, anaona hauna madhara.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Mkaa uliokolea hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hawezi kuzitambua. Katika chumba kidogo kilichofungwa, familia nzima inaweza isiamke asubuhi.

Hivyo jiko libaki nje hata kama baridi inauma, na jenereta lisiwashwe karibu na dirisha. Joto litafutwe kwa mablanketi, soksi na chupa za maji ya moto. Pia mzazi ahakikishe kuna njia ya pili ya kutokea, hata kama ni dirisha kubwa, kwa sababu mara nyingi jiko la gesi liko hapo hapo jirani na mlango.

Pwani mambo ni kinyume. Bati la kontena juani Kigamboni au Bagamoyo linageuka tanuri ifikapo saa saba mchana. Aulizie kivuli, feni au kiyoyozi, na umeme ukikatika kuna mbadala gani.

Hakuna mlango wa kubamiza

Nyumbani, mume na mke wakikwaruzana mmoja huenda sebuleni na mwingine chumbani. Kijana akikasirika hujifungia. Kwenye kontena hakuna pa kujifungia, na neno lolote la mkubwa linasikika kitandani kwa mtoto. Wazazi wenye mazungumzo mazito wayamalize kabla ya safari au wayaache mpaka warudi.

Taratibu chache zinasaidia. Asubuhi wavae kwa zamu, wengine wakisubiri kibarazani. Kila mtu awe na begi moja dogo, liwekwe chini ya kitanda. Maisha yahamie nje: kupika, kula, kucheza karata au bao. Ndiyo maana msimu wa masika haufai, maana mvua ya siku nzima itawafungia wote ndani ya mita za mraba 13. Kwa mara ya kwanza, usiku mbili zinatosha.

Kuhusu malipo, mzazi aombe kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video wakati huo huo, mwenyeji akitembea kutoka barabarani hadi bafuni. Picha pekee si ushahidi. Atume kwanza kiasi kidogo cha kushikia nafasi, na alinganishe jina linalotokea kwenye simu na la mwenyeji.

Familia ikijibiwa maswali haya vizuri, inaweza kufunga mizigo. Watoto watarudi na hadithi ya kulala ndani ya kontena, na kijana aliyezoea kujifungia chumbani atakuwa amekula, amecheza na kucheka na wadogo zake siku mbili nzima.