Taa ya Onyo katika Barabara ya Rumonge

Barabara ya Taifa nambari 3, itokayo Bujumbura na kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, imebanwa baina ya Ziwa Tanganyika na milima. Kiboko atokaye majini usiku kutafuta majani mara nyingi hana budi kuikata. Uzito wake hupita kilo 1,000, na ngozi yake nyeusi humeza mwanga; dereva humwona akiwa amekwisha mfikia. Hapo huweza kufa mnyama na mtu pamoja.

Uswisi, tangu miaka ya 1990, na baadaye jimbo la Arizona huko Marekani, wamesimika kando ya njia mitambo inayotambua joto la mwili wa mnyama. Akikaribia, taa ya onyo huwaka mbele ya dereva. Kibao cha rangi husema neno lile lile kila siku hata watu wakakizoea. Taa hii husema pale tu penye jambo.

Tungependa kuziona taa hizo karibu na msitu wa Kigwena, kusini ya Rumonge, na kwenye mapito ya viboko. Lakini tuseme kweli: barabara yetu hailali. Wapo wachuuzi warudio sokoni, wenye baiskeli zilizosheheni madumu ya mawese, na wavuvi washukao ziwani. Mtambo ungewaka kwa ajili yao wote. Fundi ataliita hilo kosa. Sisi hatuoni kosa katika kumpunguzia mwendo mtembea kwa miguu. Ila taa iwakayo usiku kucha itageuka kibao kingine, na kwa hiyo mahali pa kuiweka pachaguliwe na wapajuao.

Wapajuao ni ninyi, ndugu askari. Polisi akeshaye kwenye kizuizi hujua kiboko hupita wapi na saa ngapi, kisha akihamishwa huondoka na maarifa hayo. Yaandikwe katika kitabu cha zamu: tarehe, saa, mahali, mnyama gani, na kama gari liligonga. Nakala ipelekwe OBPE, ofisi ya nchi ya kuhifadhi mazingira.

Liko zito zaidi. Huko Mikumi, Tanzania, ambako barabara kuu iendayo Zambia hukata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, yamejengwa matuta, na amgongaye mnyama hutozwa faini. Tuta halijali cheo. Taa hutegemea utii, na raia hutazama kwanza gari la serikali. Lori la jeshi likiipita taa iwakayo bila kupunguza mwendo, mwenye basi dogo aliye nyuma yake atafanya vivyo hivyo. Malori ya namna hiyo tumekwisha yaona usiku, kikosi hatukitaji.

Twaomba makamanda watoe amri kabla mtambo wa kwanza haujanunuliwa: usiku, baina ya Rumonge na Kigwena, gari lolote la jeshi au polisi liende kwa mwendo wa kuweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zake lenyewe.