Chungulia Pampu Kabla ya Kibwezi

Je, msomaji, unayo Datsun 240Z ya zamani, ndugu ya zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973? Basi kabla ya kupita Emali hadi Kibwezi, kisha upinde kwenda Mutomo na Kitui na watoto ndani, chungulia pampu ya maji. Chini yake kuna tundu dogo. Likidondosha maji, usijidanganye kwa kujaza rejeta kila kituo; pampu imekwisha. Injini ikipoa kabisa (kifuniko cha moto kimeunguza wengi!), mwaga maji, toa mkanda na feni, ndipo ufungue pampu. Kwangua gasketi kuukuu yote, hata kipande cha ukucha. Fundi akisema atapaka gundi juu kwa juu, mnyang'anye spana.