Cupid hakuwa katoto ka kadi, mastaa acheni kumsingizia!

Kila Februari 14 kurasa za mastaa zinajaa kale katoto kanene kenye mabawa, kameshika upinde, makalio nje. Wiki chache mbele penzi linavunjika, mchepuko unaanikwa, na staa yuleyule anaibuka na lugha nyingine kabisa: moyo hauchagui, mapenzi yana nguvu, alishindwa kujizuia. Majina yakae pembeni, wenyewe wanajijua. Ila jamani, huyo mungu wa mapenzi ni yupi sasa? Katoto au dubwana?

Maana washairi wa mwanzo hawakuona katoto. Hesiod wa Ugiriki, kwenye mwaka 700 hivi kabla ya Kristo, anamweka Eros kati ya wa kwanza kabisa kuwepo duniani, kabla hata ya Zeus. Kazi yake kulegeza viungo na kuteka akili, za miungu na za binadamu. Sappho wa Lesbos, kama miaka 100 baadaye, akamfanya mtamu na mchungu kwa wakati mmoja. Huyo sio wa kubandika kwenye keki.

Utoto ulikuja kushika kasi baadaye, na hapa ndipo watu wanapopigwa changa la macho. Apollonius wa Rhodes, karne ya 3 kabla ya Kristo, anamchora Eros mtoto kweli: anacheza vifupa na Ganymede, anamla mwenzie mpaka anabaki mikono mitupu, halafu anacheka. Mama yake Aphrodite anamhonga mpira wa dhahabu ili akampige mshale Medea, binti wa mfalme. Mtoto kasikia mpira, kaondoka mbio. Matokeo yake Medea anamsaliti baba yake, anatoroka na mgeni, na kaka yake anauawa njiani. Yote hayo kwa sababu ya mpira! Yaani utoto wenyewe ndio unaotisha: ana silaha na hajali inamwangukia nani.

Ovid wa Roma naye anampa Cupid mishale miwili, wa dhahabu wa kuwasha penzi na wa risasi wa kulizima. Apollo aliyemdharau anapigwa wa dhahabu, Daphne wa risasi. Binti anakimbia, mungu anafukuza, mpaka binti anageuka mti. (Nyie mnaoblokiwa mkarudi na namba mpya, hadithi yenu hiyo.)

Kadi zimeng'oa meno yote hayo, zikabakiza mashavu. Na mastaa wanataka vyote viwili: siku ya maua ni katoto, siku ya kufumaniwa ni lile jitu la Hesiod lisiloshindika. Haiwezekani. Kama ni katoto, kalikushindaje mtu mzima? Na kama ni jitu, mbona uliliposti na emoji za kopa ukitafuta kiki?

Halafu hata Medea, na mshale umo kifuani, hakusema tu kashindwa. Apollonius anamkesha usiku mzima: anaona aibu, anamfikiria baba yake, anashika kasha la sumu, analiweka chini, anangoja kupambazuke. Alijua anachokwenda kuharibu. Staa wetu usiku ule alikuwa laivu, anauliza mashabiki wamwonaje na shati jipya.