Mafua yasiyoisha siku ya saba

Mvua zimeanza, na katika nyumba nyingi kuna mutoto mwenye mafua. Kwa kawaida hatuhangaiki: kamasi, homa kidogo, na kisha juma moja anarudia kucheza. Lakini kuna mutoto ambaye kwake mafua hayaishi hivyo, kwa sababu amezaliwa na ugonjwa unaoitwa mukovisidozi.

Katika ugonjwa huo mwili haupitishi chumvi na maji sawasawa. Jasho linakuwa na chumvi nyingi, mpaka mama akimubusu mutoto kwenye paji la uso anaisikia midomoni. Ndani ya mapafu, ute unakuwa muzito kama uji uliolala. Kwa mutu mwenye afya, njia za pumzi zina vinyweleo vidogo sana vinavyofagia ute na uchafu kuelekea juu. Kwa mutoto huyu ufagio unakwama.

Sasa virusi vya mafua vinaingia. Vinaumiza ngozi laini ya njia hizo, zinavimba, na ute mupya unaongezeka juu ya ule uliokwama. Bakteria zilizokuwa zimejificha mule zinapata nafasi ya kuzaana. Virusi vinaondoka, bakteria zinabaki. Ndiyo maana ndugu yake anapona na yeye angali anakohoa kisha majuma matatu, makohozi ya kijani, chakula hakitaki, kilo zinapungua. Mara nyingine nguvu ya pumzi aliyoipoteza hairudi yote. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, waganga wa Ulaya na Marekani waliona wagonjwa wa namna hii wakishambuliwa kifua mara chache zaidi, maana watu walivaa barakoa na kukaa mbalimbali.

Basi shangazi mwenye mafua asimubebe, hata akikasirika. Mikono ioshwe kwa sabuni, na babula ikae nje. Chanjo ya gripe, ikipatikana, ni ya kila mwaka.

Kuna jambo linalochanganya wazazi. Antibiotiki haiui virusi, na kuinunua sokoni kwa ajili ya mafua ni kupoteza franka. Lakini kwa mutoto wa mukovisidozi muganga anaweza kuitoa tangu mwanzo wa mafua, kwa ajili ya zile bakteria. Musingoje juma la pili. Na mazoezi ya kutoa makohozi yasiachwe siku hizo, hata akilia.

Wengi wanasema huu ni ugonjwa wa wazungu. Si kweli, watoto weusi pia wanazaliwa nao, ingawa ni wachache. Ila kikohozi chao kinaitwa kifua kikuu, wembamba wao unaitwa bwaki, na darasani wenzao wanawakimbia. Ikiwa mutoto amepimwa kifua kikuu na hakikuonekana, anakula lakini hanenepi, choo chake kina mafuta na kinanuka sana, muulizeni muganga juu ya kipimo cha jasho. Si kila hospitali inacho, lakini hakiumizi, wala hakichukui damu.

Na wakwe wasimutupie mama lawama. Ugonjwa huu unatoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe hawaugui. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mutoto mugonjwa, kwa hiyo akipatikana mumoja, ndugu zake nao wapimwe.