Mgeni Asiyepewa Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili: anayepewa jembe ameshahesabiwa mtu wa nyumbani. Katika vijiji vya Japani wako walimu wengi wa Kiingereza kutoka nje ambao jembe hilo hawalipati, hata wakae miaka mitano. Wengi huletwa na mpango wa serikali uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, wakati Marekani ikiilaumu Japani kwa kuiuzia bidhaa nyingi na kununua chache, na Tokyo ikitaka kuonyesha kwamba milango yake iko wazi. Mwaka huo walifika vijana 848 kutoka nchi 4. Siku hizi wako zaidi ya 5,000 kwa wakati mmoja, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni walimu wasaidizi. Mkataba wao ni wa mwaka mmoja, huongezwa ukiisha, na kikomo ni miaka 5. Naona kikomo hicho, pamoja na cheo cha usaidizi kisichopanda, vinawanyima watoto wa vijijini mwalimu ambaye tayari wanaye.

Tazama kazi yenyewe. Kisheria, somo huongozwa na mwalimu wa Kijapani mwenye leseni, na mgeni humsaidia. Katika shule nyingi za sekondari ya chini msaada huo huishia kwenye kusoma sentensi kwa sauti ili wanafunzi waitikie, kwa kuwa mwalimu mwenyeji anakimbizana na mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Shule ya msingi mambo hugeuka. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, na darasa la tatu na la nne wana vipindi 35 vya kuanzia. Anayepaswa kukifundisha mara nyingi ni mwalimu wa darasa aliyesomea kufundisha kila kitu, na ambaye pengine hakuwahi kukizungumza. Hapo msaidizi ndiye anayebeba kipindi, huku karatasi zikiendelea kumwita msaidizi. Asubuhi yuko shule hii, kesho yuko nyingine ng'ambo ya mlima. Mchana hula chakula kilekile pamoja na watoto darasani, kisha hushika ufagio nao, maana huko wanafunzi ndio wanaofagia shule yao. Anajua nani ana haya, nani amefiwa na babu. Ujuzi wa namna hiyo hujengwa taratibu, na mkataba unapokwisha huondoka naye. Kibaya zaidi, mwaka wa shule wa Japani huanza Aprili, ilhali wengi wa walimu hawa hubadilishana zamu Julai na Agosti, watoto wakiwa katikati ya mwaka.

Na anaondoka kutoka wapi? Kutoka mahali panapolilia watu. Mwaka 2024 Japani ilipata watoto wapatao 686,000 tu, mara ya kwanza idadi hiyo kushuka chini ya 700,000. Kila mwaka shule za vijijini hufungwa kwa kukosa wanafunzi, na halmashauri nyingi hutoa ruzuku kwa familia zitakazohamia katika nyumba zilizoachwa wazi. Halmashauri hizohizo humuaga kijana aliyekwisha kujifunza lugha yao, anayeshiriki matamasha yao ya kiangazi, na ambaye pengine angependa kubaki.

Wapo wanaosema mpango huu ni wa mabadilishano, si wa ajira: thamani yake ni maelfu ya watu wanaorudi kwao wakiipenda Japani. Hoja hiyo ni nzito, na wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaielewa, kwa kuwa vijana wa Japani wa kujitolea wamekuwa wakija kufundisha kwetu tangu miaka ya 1960, kwa kawaida kwa miaka miwili. Lakini sidai kwamba wote wabaki. Wengi wataondoka kwa hiari, na wachache wakisalia hazina ya marafiki haitapungua. Wengine husema hawa si walimu, maana kinachotakiwa kuingia ni shahada yoyote. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwafunza. Miaka mitano inamtosha mtu kusomea ualimu huku akifanya kazi. Leseni maalumu kwa watu wenye utaalamu wasiopitia chuo cha ualimu ipo tangu 1988, ila hutolewa kwa uchache mno, na tangu 1991 raia wa kigeni wanaruhusiwa kuajiriwa bila kikomo cha muda katika shule za umma, ingawa kwa cheo cha mhadhiri kisichofika kwenye ukuu wa shule. Zana ziko ghalani. Pingamizi la fedha nalo halina uzito kama linavyodhaniwa. Mshahara wa mwalimu wa kudumu wa shule ya msingi au sekondari ya chini hulipwa na mkoa, theluthi yake ikitoka serikali kuu, kwa hiyo kijiji hakitwishwi mzigo mpya. Kinachohitajika ni bodi za elimu za mikoa kutangaza njia hiyo wazi kwa aliyefika mwaka wa tatu, na kumwekea masharti magumu ya lugha na ya ufundishaji.

Huko Ishinomaki, mkoani Miyagi, vitabu vya Kiingereza vimepangwa katika shule kwa kumbukumbu ya Taylor Anderson, mwalimu wa mpango huu kutoka Virginia aliyefariki katika tsunami ya Machi 2011. Mwenzake Monty Dickson alifia Rikuzentakata siku hiyohiyo. Wakazi wa miji hiyo waliwalilia kama watu wao, na sheria ya ajira bado haijafika walipofika wakazi hao. Mtoto aanzaye Kiingereza darasa la tatu ana miaka saba mpaka amalize sekondari ya chini, na chini ya kikomo kilichopo hakuna hata mwalimu mmoja wa mpango huu anayeweza kumfikisha.